Leso za Anjumani

Sikuzani binti Uledi alizaliwa Rumonge, pale pale ukingoni mwa ziwa. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na misafara ya pembe, akachoka kutembea, akaoa. Tumbo la Sikuzani lilikuwa gumu. Tangu utotoni alikamua mawese na kuanika ndagala, dagaa wa ziwa lile, na alipokuwa mtu mzima akawa anaitwa kuosha maiti za wanawake mtaani, wala hakuna aliyewahi kumwona akiziba pua. Ndiyo maana watu wakisimulia kwamba alitapika mbele ya matajiri, juu ya shuka jeupe la Seth Valji, wasiomjua hudhani alikuwa na mimba. Hakuwa na mimba. Alikuwa na kinyaa, na kinyaa hicho kilikuwa na chanzo chake.

Mumewe alikuwa Mhindi, jina lake Khudabaksh. Watu wa Rumonge hawakuwa na subira na jina refu namna hiyo, wakamwita Fundi Bakshi. Alitoka Punjabi kuja kutandika reli ya Waingereza kule Mombasa. Mkataba ulipokwisha, wenzake wengi walipanda meli kurudi kwao. Yeye akafuata kazi, Mwanza, Tabora, Ujiji, mpaka ziwa likamzuia. Hapo akakaa. Alitengeneza vyombo vya wavuvi, akaziba nyufa kwa pamba na lami, akamwona Sikuzani, akamposa kwa baba yake kwa heshima zote. Wakati huo Wadachi walikuwa wameishika nchi miaka mitano sita hivi, na bendera yao ilikuwa bado haijapauka.

Fundi Bakshi alikuwa mshairi. Hakulitangaza hilo, lilimtoka tu kama jasho. Akipiga nyundo, midomo ilikuwa inahesabu mizani. Akipata mstari, aliacha nyundo na kumgeukia mkewe.

"Bibi Siku, sikiliza. Unasikiaje?"

Alimtolea ule mstari kwa Kihindustani, kisha akamfafanulia kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza Sikuzani alidaka maneno machache tu, dunia, safari, habari, wakati, yale ambayo yalikwisha kuhamia kwenye lugha yake mwenyewe. Mwaka wa tatu alianza kusema, "Hapo umerefusha." Mwaka wa saba hakuhitaji tena kufafanuliwa. Kuandika na kusoma hakujua, lakini sikio lake lilikuwa limefundishwa na fundi.

Wahindi wa Rumonge hawakuzidi kumi na wawili, na hawakupendana. Huyu Khoja, yule Bohora, yule Banyani asiyekula hata yai. Kilichowakalisha pamoja kilikuwa mashairi. Kiongozi wao, Seth Valji Premji, mwenye duka la nguo, alianzisha chama akakiita Anjumani ya Kauli Njema. Alipenda kusema kwamba katika nchi hii ya mapori, wao ndio waliobaki kuilinda lugha ya wazee wao, adabu yake na huruma yake. Karani wake alikuwa Abdeali, Bohora muuza misumari na sufuria. Aliyeziunganisha shughuli zao na boma alikuwa Gulamu Husseini, mkalimani wa forodha, aliyevaa kofia nyekundu na kujiona nusu Mdachi. Walikuwa na sanduku la bati lenye vitabu kutoka Bombay, lililofungwa vizuri mchwa wasiingie, na kila Jumapili ya pili, kwa kuwa siku hiyo maduka yalifungwa kwa amri, walikutana barazani kwa Seth baada ya sala ya alasiri.

Shuka jeupe lilitandazwa. Mito ikapangwa. Mshumaa uliwashwa, ingawa jua lilikuwa linawaka nje, kwa sababu desturi ya kwao ni mshumaa kupelekwa mbele ya mshairi ambaye zamu yake imefika. Walinyunyiziana marashi ya mawaridi. Seth alitafuna tambuu na kutema mate mekundu katika tasa ya shaba iliyokaa karibu na goti lake, na mtu akisoma mstari mzuri wote walipiga kelele, "Wah! Wah!" na "Mukarrar!", yaani kariri, rudia tena.

Sikuzani alikuwa nyuma ya pazia, na chai na sambusa. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyofanya, kwa ajili ya mumewe. Wale wanaume waliamini kwamba Kihindustani chake kilianzia kwenye "chai" na kuishia kwenye "maji". Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Fundi Bakshi ndiye aliyekuwa maskini kuliko wote pale, na ndiye waliyemwita ustadi, yaani mwalimu wao wa mashairi. Jumamosi walimwendea ufukweni mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake mfukoni, awatengenezee mistari kabla ya watu kuisikia. Mashairi ya Seth Valji yalikuja yakivuja kama mtumbwi wa kurithi. Bakshi aliyaziba, akayarudisha, na Jumapili alikaa mwisho wa shuka akisikiliza watu wakimsifu Seth kwa maneno aliyoyajua vizuri. Hakukasirika. "Chombo cha mtu hakiwi changu kwa sababu nimekitia lami," alimwambia mkewe. Lakini zamu yake ilipofika, baraza lilinyamaza. Mstari mmoja walioupenda sana ulikuwa huu:

*Nimeziba nyufa za vyombo vyote vya ziwa hili;
changu kinaingia maji, nami nakisikia kikinong'ona.*

Seth Valji alilia machozi siku ile. Alimkumbatia Bakshi, lami na yote, akamwita ndugu yangu, pumzi yangu.

Basi ikaja malale, ugonjwa wa usingizi. Ilikuwa imekwisha kumaliza watu upande wa pili wa ziwa, sasa ikawa inatembea upande huu, ukingo kwa ukingo. Wadachi walifyekesha matete ya ufukweni kwa sababu ya mbung'o, wakajenga kambi ya wagonjwa mbele ya Minago, na askari wakawa wanapita kuwapapasa watu shingo nyuma ya masikio, kutafuta tezi.

Bakshi alianza kwa kujipiga nyundo kidole gumba. Kisha akawa anachukia mwanga. Kisha akamgombeza Sikuzani kwa jambo la chumvi, yeye ambaye hajawahi kumpandishia sauti, na nusu ya ugomvi akalala amekaa, mdomo wazi. Sikuzani alimpapasa shingo. Aliziona tezi. Akamfunga kilemba kishuke mpaka kolani, na hakumwambia mtu.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza walikwenda barazani kama kawaida. Mshumaa ulizunguka, ukafika mbele ya Bakshi. Akafungua daftari lake, akavuta pumzi. Watu wakasubiri. Kichwa kikashuka taratibu, kama mtu anayefikiri neno, kikazidi kushuka, na ndevu zake zikaingia motoni.

Zilichukua moto kwa sauti ndogo, kama mafuta kwenye kikaango. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa barazani. Na wale wanaume wakacheka. Abdeali alicheka mpaka akajigaragaza kwenye mto. Mtu mmoja akasema, "Wah! Wah! Mshairi amewaka!" wakacheka upya. Sikuzani ndiye aliyetoka nyuma ya pazia na birika la maji, akammwagia mumewe kidevuni. Ngozi ilikuwa nyekundu, imeanza kutoa malengelenge, na mwenyewe hata hajaamka sawasawa.

Kilemba kilikuwa kimelegea. Gulamu Husseini aliinuka, akachukua fimbo yake, akakisukuma pembeni kwa ncha, kama mtu anayegeuza panya aliyekufa.

"Tezi," alisema.

Kicheko kikakatika. Halafu zikatoka leso. Sikuzani aliziona, moja baada ya nyingine, nyeupe, zilizolowa marashi, zikipanda kutoka mifukoni mpaka puani. Waliokuwa karibu na Bakshi walisogea, wakivuta nguo zao. Daktari wa Wadachi alikuwa amekwisha kutangaza sokoni kwamba malale huletwa na mbung'o, haipiti kwa kukaa na mtu. Gulamu ndiye aliyekuwa amelifasiri tangazo hilo kwa mdomo wake mwenyewe.

Sikuzani alimkalisha mumewe kwenye nguzo ya baraza akaanza kukusanya vikombe, maana mikono yake ilihitaji kazi. Wakazungumza juu ya kichwa chake, kwa Kihindustani, bila hata kushusha sauti.

"Aondolewe kabla ya sikukuu ya Kaisari," alisema Seth Valji nyuma ya leso. "Bwana Mkubwa wa boma ameahidi kuja kutusikiliza. Nimkalishe karibu na maiti inayopumua?"

"Nitasema bomani kesho," Gulamu alijibu.

"Lakini shairi la sifa za Kaisari bado linamngoja alirekebishe," Abdeali akakumbusha. "Hajalimaliza."

"Basi si kesho. Kesho kutwa."

"Na huyu mwanamke?"

"Huyu?" Seth alitema tambuu katika tasa. "Huyu ni chungu cha jikoni. Kitapata mpishi mwingine wa kukibandika."

Sikuzani alikuwa ameshika kikombe cha Seth wakati huo. Chini yake kulikuwa na masalio ya majani ya chai na alama nyekundu ya mdomo wa mtu. Alitazama ile alama. Mate yalimjaa kinywani, ya chumvi, kama yale yanayotangulia kutapika. Akayameza. Alisema kwa Kiswahili, "Chai iko bado, Seth," naye Seth akatikisa kichwa, hapana, ishara tu, bila kumtazama.

Usiku huo na siku iliyofuata alifikiri kukimbia naye kwa shangazi yake, Bibi Kulthumu, ambaye alikuwa na shamba Gatete. Lakini Bakshi hakuweza kutembea hatua mia bila kulala, na hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kumbeba. Wengi wa hao walikuwa na vyombo vilivyozibwa kwa mikono yake.

Siku ya tatu askari wawili walikuja, na Seth Valji alikuwa nao. Sikuzani, kwa dakika moja ya upumbavu ambayo hakujisamehe baadaye, alidhani amekuja kuaga. Seth alisimama mlangoni, leso puani, akanyoosha karatasi kwa vidole viwili.

"Ustadi," alisema kwa sauti laini, "mstari wa nne unachechemea."

Askari walisubiri. Bakshi alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, kidevu kimepakwa mawese. Alifumbua macho kwa shida kubwa. Akasoma. Midomo ikahesabu. Sikuzani alitaka kuichana ile karatasi, na pia alitaka, Mungu amsamehe, kumwona mumewe akiweza jambo moja tena. Bakshi aliomba kalamu. Akafuta neno, akaandika jingine, akalala na kalamu mkononi. Seth aliinama, akaichomoa karatasi kutoka chini ya ile mikono bila kuigusa mikono yenyewe, akaipuliza wino ukauka.

"Wah," alisema kidogo, peke yake. Kisha akawaambia askari, "Mchukueni."

Sikukuu ya Kaisari ilisherehekewa vizuri, watu walisema. Bwana Mkubwa alipiga makofi. Sikuzani hakuwepo, alikuwa njiani kwenda Minago na kikapu kichwani.

Kambi ilikuwa safu za vibanda vya nyasi ndani ya ua. Daktari alidunga sindano, wengine waliamka kidogo, wengine walipofuka kabisa, wasione tena jua. Bakshi alikuwa katika hao. Mwezi wa pili wa sindano alimwuliza mkewe kwa nini leo kumechelewa kupambazuka. Ilikuwa adhuhuri.

Sikuzani alipanga kwa mwanamke mmoja wa Kirundi, mke wa mvuvi, aliyeitwa Inabeza, nyumba yake ikitazamana na ua wa kambi. Walielewana kwa maneno machache, amahoro ya kusalimiana asubuhi, murakoze ya kushukuru jioni. Inabeza hakujua mstari mmoja wa shairi la mtu yeyote. Lakini siku Bakshi alipojichafua, na Sikuzani, mwosha maiti, mwenye tumbo gumu, akashindwa, akatoka nje akasimama akilitazama ziwa kwa sababu ile harufu ilikuwa ya mtu wake na bado yu hai, aliporudi alimkuta Inabeza ameshamgeuza mgonjwa, anamsafisha, mikono mpaka viwikoni, huku akiimba wimbo wa kumwogesha mtoto. Sikuzani aliona haya. Alichukua kitambaa kutoka mkononi mwake, akamaliza kazi mwenyewe, na tangu siku hiyo hakutoka nje tena.

Anjumani haikuja. Haikutuma mtu, haikutuma ndizi, haikutuma salamu. Kutoka Rumonge mpaka kambini ni mwendo wa siku moja, na wafanyabiashara wale walipita Minago kila mwezi wakienda Usumbura.

Katika zile saa chache ambazo Bakshi alikuwa macho, alitunga. Hakuweza tena kuandika, hivyo akawa anampa mkewe mstari mmoja, anausema mara tatu, naye anaurudia mpaka ukakaa. Mingi ilikatika katikati, usingizi ukaila. Uliokamilika wa mwisho alimpa asubuhi moja ya mvua, akitabasamu na vile vidonda vya kidevuni.

"Huu ni wa Anjumani," alisema. "Watakuja kunizika kwa maneno. Uwape."

"Sitawapa kitu."

"Wape, Bibi Siku. Waone aibu kidogo. Itawafaa."

Alikufa wiki mbili baadaye, mchana, wakati Sikuzani anamlisha uji. Alizikwa karibu na kambi, kwa sala ya watu wanne.

Sikuzani aliporudi Rumonge, Abdeali alikuja mlangoni. Safari hii leso ilikuwa mfukoni. Alisema kwa Kiswahili chake cha dukani kwamba Anjumani imeguswa sana, kwamba inaandaa arobaini kubwa ya marehemu, mashairi ya maombolezo kutoka kwa kila mwanachama. Je, mjane ataweza kupika pilau? Na lile daftari lake, alilete, Anjumani italipeleka Bombay likapigwe chapa.

"Kupika sipiki," Sikuzani alisema.

"Basi daftari."

"Nitakuja. Nitaangalia."

Bibi Kulthumu alikuwa ametoka Gatete kumkalia msiba. Alisikia yote, akatikisa kichwa. "Usiende, mwanangu. Utaenda kutafuta nini kule?"

"Marehemu alinipa kazi, Shangazi."

"Kama iko kazi ya marehemu, tutaenda wote."

Siku ya arobaini baraza lilijaa. Shuka lilikuwa jipya. Mshumaa uliwaka mchana kweupe. Majirani Waswahili, wavuvi na wapagazi, walisimama nje ya madirisha kwa kuwa pilau ilikuwa inanukia. Sikuzani na shangazi yake waliwekwa nyuma ya pazia, mahali pale pale pa chai.

Mashairi yakaanza. Abdeali alimfananisha marehemu na tausi. Gulamu Husseini alisema alikuwa mwezi, na wao sasa ni usiku. Mtu mwingine akasema laiti angekuwa mto wa kulalia kichwa cha marehemu katika saa zake za mwisho. "Wah! Wah!" Marashi yalinyunyizwa. Sikuzani alikaa na mikono miwili juu ya tumbo. Kila neno alilielewa, na kila neno lilimwingia kama kipande cha nyama iliyoharibika ambacho adabu inamlazimisha akimeze.

Ikaja zamu ya Seth Valji. Alilia kwanza. Akafuta macho. Akasema kwamba yeye na marehemu walikuwa roho moja, na kwa hiyo shairi hili ni la wote wawili. Akasoma:

*Nimeziba nyufa za vyombo vyote vya ziwa hili...*

Alisoma mpaka mwisho, kwa sauti yake, kama lake. Mikono yake ile, laini kama ya mtoto mchanga, ambayo haijawahi kushika hata kopo la lami, ilikuwa inapanda na kushuka. Wote walijua mstari ule ni wa nani. Waliulilia miaka miwili nyuma, barazani hapo hapo. Wakapiga kelele, "Mukarrar! Mukarrar!"

Sikuzani alisimama. Bibi Kulthumu alimshika kaniki, akaiachia.

Alipita pazia, akaenda mpaka kwenye mshumaa, akasimama mbele yao amejitanda kaniki ya msiba. Akafungua kinywa, akasema kwa Kihindustani, kwa matamshi ya Punjabi ya mumewe, safi kabisa:

*Njooni mnizike vizuri, enyi mlionizika mapema;
tupeni leso zenu sasa, maiti haambukizi.*

Gulamu Husseini aligeuka rangi. Abdeali alifumbua mdomo, na Sikuzani akajua kwamba anahesabu kichwani mwake mambo yote yaliyosemwa mbele ya mwanamke huyu kwa miaka saba. Kwa pumzi moja alidhani Bakshi alikuwa amesema kweli, kwamba wataona aibu.

Halafu Seth Valji akajipiga kofi gotini.

"Wah!" alisema. "Wah, wah, wah! Tazameni neno leso lilivyokaa! Tazameni uchungu! Utamu ulioje!"

Ikawa kama mvua imefunguliwa. "Wah! Wah!" Waliyumba. Walilia. Walizitoa leso, zile zile, wakafutia machozi. Mmoja alikuwa anauandika ule mstari upesi upesi asije akausahau. "Mukarrar, bibi! Mukarrar!" Walimtaka arudie. Walikuwa wamefurahi. Mstari uliokusudiwa kuwachoma walikuwa wanauonja kama halua, wanaugeuza ulimini, wanaulizana kama mizani yake ni ile ndefu au ile fupi, na hapakuwa na hata mmoja aliyedhani unamhusu.

Sikuzani aliurudia. Lakini aligeukia madirishani, akausema kwa Kiswahili.

Nje hakuna aliyepiga kelele. Mvuvi mmoja aliteremsha macho. Mwenye mtumbwi mwingine, aliyekataa kumbeba Bakshi kwenda Gatete, aliondoka pale dirishani akienda zake polepole bila kungoja pilau.

Ndipo Sikuzani alipogeukia tena shuka. Hakupanga lililofuata. Alihisi harufu ya marashi, ya tambuu, ya mafuta ya pilau, yote kwa pamoja, akainama, akatapika juu ya shuka jeupe, mbele ya mshumaa, mpaka mto wa Seth ukapata fungu lake. Alipoinua kichwa, aliona leso zote zimepanda tena puani.

"Sasa mmeelewa," alisema kwa Kihindustani, akijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

Bibi Kulthumu akaja akamshika kiwiko. "Twende nyumbani, mwanangu. Umemaliza."

Kesho yake Abdeali alikuja tena kuomba daftari, hakuthubutu kuingia. Alisema Anjumani imemsamehe, kwa sababu ya majonzi. Alisema mstari wa leso utawekwa ukurasa wa kwanza.

"Daftari liko kwa mwenyewe," Sikuzani alimjibu.

"Mwenyewe amekufa."

"Mimi sijakufa."

"Lakini wewe hujui hata kulisoma, mama!" Abdeali alisema, na hilo lilikuwa kweli, na ndilo neno pekee kutoka kwa watu wale lililomkaa rohoni.

Wiki ile ile alihamia Gatete kwa shangazi yake. Waliishi kwa kuanika ndagala na kuwauzia wenye misafara. Anjumani iliendelea, mistari yake ilichechemea sasa, watu walisema, lakini wao kwa wao waliipigia kelele vile vile. Sikuzani akikutana na mmoja wao sokoni alivuka njia, si kwa hasira. Alikuwa anaogopa tumbo lake.

Gatete kulikuwa na mwalimu wa chuo, mzee mmoja aliyeitwa Swedi, aliyefundisha watoto Kurani. Siku moja Sikuzani alimpelekea daftari. Mwalimu Swedi aliligeuza geuza.

"Herufi ni zetu za Kurani," alisema. "Ila nyingine wameziongezea nukta, sijui za nini. Nitaweza kuzitamka, pengine. Kuelewa siwezi."

"Wewe tamka, Mwalimu. Kuelewa ni juu yangu."

Wakakaa nje ya chuo watoto walipokwisha kutawanyika. Swedi alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akisimama, akirudi nyuma. Mara nyingi neno lilitoka limepinda, Sikuzani alifumba macho, akalirudia kimoyomoyo, akalinyoosha, akamwambia, "Si hivyo, ni hivi." Siku ya kwanza walipata mistari sita. Siku ya pili minane. Mengine yalikuwa mashairi ya kawaida, ya mvua na ya kwao Punjabi. Mawili hayakuwa mazuri, na Sikuzani alisema hivyo.

Siku ya nne Swedi alitamka mstari mmoja kwa taabu kubwa, na Sikuzani akafumbua macho.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Endelea, upo wa pili."

Akautamka wa pili. Sikuzani alijikuta amepeleka mkono kichwani, chini ya mtandio.

"Anasema nini?" Mwalimu aliuliza.

Sikuzani akamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno:

*Nywele zake zinanuka ndagala, Ee Mola wangu;
na mimi kila jioni nageuza mto upande wake.*

Mwalimu Swedi alikohoa, akatazama pembeni, akajifanya anatafuta ukurasa.

"Mjinga huyu," Sikuzani alisema. "Miaka saba, hakuniambia hata siku moja kwamba nanuka." Akavuta pua, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Tusome wa tatu, Mwalimu. Jua bado liko."